Mwenye Namba Kumi na Saba

Asubuhi hiyo mashine ilisema waliomo ni kumi, na ofisini walikuwa tisa.

Mama Funguo akawahesabu tena kwa macho, mmoja mmoja, maana kuwahesabu wenzake ndiyo iliyokuwa kazi yake na ndiyo iliyokuwa raha yake. Ofisi ile ya maji ilikuwa na kompyuta moja kubwa, kongwe, iliyofungiwa katika chumba kidogo chenye feni isiyozimwa. Mezani kwa watu zilikuwa skrini na kibodi tu, zote zinainyonya hiyo moja kama watoto wa paka. Kila mtu aliingia kwa jina lake na neno lake la siri. Mama Funguo, mtunza mashine, alibonyeza herufi tatu akaona nani yumo, kaingia saa ngapi, kaketi skrini ipi. Aliwajua wachelewaji. Aliwajua wanaoacha skrini inawaka ili waonekane wapo, kumbe wako nje na vikombe vya chai wanamsengenya bosi. Na wakimsengenya yeye, hilo pia alilijua.

Jina lililozidi lilikuwa la Bi Mnong'ono. Lilikuwamo mara mbili. Mara ya kwanza kwenye skrini ya tano, dirishani, na hapo hapakuwa na ajabu, kwa sababu ndipo alipoketi Kidoti, wifi yake Mama Funguo, akifanya kazi kwa jina hilo. Mara ya pili kwenye skrini ya saba.

Skrini ya saba iliungua mwaka juzi ikatupwa. Kilichobaki ni waya uliokatwa, unaning'inia ukutani karibu na sinki, ncha imezungushiwa utepe mweusi.

"Mashine imezeeka," Mama Funguo akajiambia, akafunga orodha. Lakini alipopita pale sinki kuchukua kikombe, alisikia harufu ya nguo iliyosahauliwa ndooni siku tatu, na ule waya ulikuwa unadondosha maji. Tone. Kisha tone.

Huyo Bi Mnong'ono alikuwa karani wa malalamiko miaka kumi na moja. Alipewa jina hilo kwa sababu ya sauti yake: wateja walikuja wamefura, wanagonga meza, mabomba yao makavu wiki nzima, naye akawajibu chini kwa chini mpaka ikabidi wainame kumsikia, na mtu akishainama hasira humtoka. Mwisho aliwaambia wote neno lilelile: "Malalamiko yako yamepokelewa." Mengine aliyoyapokea hayakuwa ya maji. Nani kamwacha nani, bosi anampigia nani simu saa za kazi, yote alikuwa nayo, na ilisemekana alikuwa akiyaandika. Kisha akaugua, akafa, akazikwa.

Jina lake halikuzikwa. Ndivyo mambo yalivyokwenda pale. Kumfungulia mfanyakazi mpya akaunti kulihitaji fomu yenye saini tatu, na saini ya tatu ilikuwa ya mtu asiyeonekana ofisini ila siku za mikutano. Kwa hiyo watu walirithishana. Mmoja akiondoka, anayekuja anapewa jina lake na neno lake la siri, kama koti lililoachwa msumarini. Fundi Mabomba, kijana mnene anayefungua na kufunga maji ya mitaa kwa kubonyeza, alikuwa akiingia kwa jina la mtu aliyestaafu miaka sita iliyopita. Mama Funguo mwenyewe hakuwa na jina lake humo; aliingia kwa akaunti kuu ya mashine, ile inayofungua milango yote, na hilo lilimvimbisha kichwa kuliko cheo.

Sasa kuna jambo alilolijua peke yake. Wiki mbili baada ya maziko, saa nane mchana, akiwa anaangalia orodha yake, aliliona jina la Bi Mnong'ono linaingia. Kiti cha dirishani kilikuwa kitupu. Jina likakaa saa nzima, likatoka. Likarudi kesho yake, na keshokutwa, saa ileile. Mara ya tatu Mama Funguo alikwenda kukigusa kiti, na mto wake ulikuwa umelowa.

Angeweza kulifuta jina siku hiyo. Hakulifuta. Wiki ileile mumewe, dereva wa lori, alimleta nyumbani mdogo wake wa kike, Kidoti, mwenye alama nyeusi shavuni na mdomo usiopumzika. Kidoti alikula, akalamba vidole, akasema, "Wifi, hii mboga umeipika au umeiosha tu?" na mume mtu akacheka mpaka akapaliwa. Siku saba za maneno hayo. Wifi pazia zako fupi, wifi kaka yangu amekonda tangu akuoe. Siku ya nane Kidoti akapata kazi kwenye malalamiko.

"Jina utatumia la marehemu," Mama Funguo alimwambia, sauti tamu kama ya anayekaribisha mgeni.

"Na neno la siri?"

"Lilelile. Usibadilishe."

"Wifi, la marehemu?"

"Kwani unaogopa? Fundi Mabomba anatumia la mstaafu, umemwona na mvi?"

Ndivyo lilivyotolewa, kwa mkono wake, na moyoni anajua anachotoa.

Siku ya pili Kidoti alikuja na malalamiko yake mwenyewe. "Hii mashine yako haina adabu. Naandika herufi mbili, nyingine inamalizia yenyewe."

"Umezoea kubonyeza simu, kibodi ni kitu kingine."

Siku ya nne akamwita aje aone. Kidoti alikuwa ameshika kikombe kwa mikono yote miwili. Mbele yake, mahali pa neno la siri, nyota zikajipanga moja baada ya nyingine, taratibu, kama mtu anayepanda ngazi. Nane. Kisha mlango wa mashine ukafunguka, na skrini ikaandika ilivyoandika kila siku: *Karibu tena.*

"Umeona?" Kidoti alinong'ona.

"Nimeona umechoka," Mama Funguo akasema, akaenda zake upesi.

Na baada ya hapo ndipo ikaja ile asubuhi ya watu kumi.

Tangu siku hiyo Kidoti akapungua maneno. Mwanzoni Mama Funguo alifurahi. Mezani nyumbani pakawa na utulivu. Mboga ikalika bila kusemwa. Kisha akaona vidole vya wifi yake vimekunjamana na kupauka, kama vya mtu aliyefua tangu alfajiri, naye hajafua kitu. Akaona anapopita pakavu panabaki nyayo za maji. Jioni moja mume akamwita mdogo wake, "Kidoti, nipe chumvi." Hakugeuka. Akamwita tena. Mara ya tatu akamgusa bega, na yule binti akainua uso, akamtazama kaka yake kama anavyotazamwa mtu wa kwenye foleni, akamwambia chini kwa chini, kwa sauti ambayo haikuwa yake:

"Malalamiko yako yamepokelewa."

Mume alisukuma sahani. Walipobaki wawili alimwambia mkewe, bila kupandisha sauti, "Dada yangu nilimleta mzima. Kazini kwenu kuna kitu. Wewe ndiye mwenye funguo, na mimi namtaka mzima. La sivyo utanieleza."

Asubuhi Mama Funguo aliwahi ofisini kabla ya wote, akafungua daftari la makundi ndani ya mashine. Mashine ile iliwagawa watu kwa makundi, na kundi ndilo lililoamua mlango upi ufunguke na upi ukatae. Kundi la malalamiko lilisoma barua za wateja tu. Kundi la mabomba lilifungua na kufunga maji. Kundi la wakuu lilikuwa na mtu mmoja, yeye, na aliyemo humo anaweza kuwa mtu yeyote, kuingia kwa jina la yeyote, bila kuulizwa. Bi Mnong'ono tangu aanze kazi alikuwa wa malalamiko.

Sasa alikuwamo pia kwenye mabomba.

Na pembeni mashine ilikuwa imeandika, kama inavyoandika siku zote, ni nani aliyemwingiza: akaunti kuu, jana, saa saba na robo mchana. Saa hiyo Mama Funguo alikuwa chooni, na huko hakuna kibodi.

Akamtoa. Akabadilisha neno la siri la marehemu, akaweka refu la ovyo ambalo hata yeye asingelikumbuka. Kidoti akaja, akaketi, akaweka mikono mapajani, nyota zikajipanga nane kama kawaida. *Karibu tena.* Mama Funguo alipotazama daftari, jina lilikuwa limerudi mabomba, na aliyelirudisha, mashine iliandika, ni akaunti kuu, yaani yeye mwenyewe.

Saa nne hivi Fundi Mabomba akaanza kukohoa. Walimtania kwanza, wakamwambia apunguze kula, mtu ananenepa mpaka kwenye koo, naye akacheka nao huku amejishika kifua, kisha kicheko kikakatika na kikohozi kikaendelea, kizito, chenye mlio wa bomba linalovuta hewa, na alipoinama juu ya meza yake yakamtoka mdomoni maji, si matapishi wala makohozi, maji meupe yenye harufu ya nguo za ndooni, yakamwagika juu ya kibodi yakatiririka hadi sakafuni, yanakuja tu, zaidi ya yanavyoweza kukaa katika tumbo la mtu, na wakati wote huo kwenye skrini yake mitaa ilikuwa inafunguliwa na kufungwa, inafunguliwa na kufungwa, wala hakuna aliyegusa kitu. Watu wakakimbilia mlangoni. Kidoti peke yake hakusimama. Aliketi dirishani mgongo umenyooka, anatazama mbele, na midomo yake ilikuwa ikicheza, na Mama Funguo, aliyekuwa karibu kuliko wote, alimsikia akihesabu: malalamiko, mabomba. Malalamiko, mabomba. Kisha akageuza shingo polepole mpaka macho yakakutana, akatabasamu kwa meno ya Kidoti, akasema, "Wakuu."

Fundi Mabomba walimpeleka hospitali akiwa hai. Mama Funguo alikwenda moja kwa moja kwa Bi Mafusho.

Huyu alikuwa mwanamke wa makamo, mganga, mkali kama pilipili, asiyependa mtu anayezungukazunguka. Alimsikiliza huku akikata kucha.

"Huyo marehemu mwacheni, amelala zake," akasema. "Mliyenaye ni mwingine. Hao huzurura wakitafuta nyumba yenye taa isiyo na mtu. Nyie mmeacha jina linawaka, mlango wazi, mwenyewe hayupo. Ameingia, amevaa jina, na kwa hilo jina anamvaa binti. Akifika huko kwa wakuu unakosema, atamvaa kila mwenye jina humo."

"Anatolewaje?"

"Kwa mkono uliompa. Nani alimpa?"

Mama Funguo akaanza kueleza habari za fomu na saini tatu.

"Mwanangu, mimi nina wateja nje. Nani alimpa binti jina hilo, na alikuwa anajua?"

"Mimi. Nilikuwa najua."

Bi Mafusho akaacha kucha zake, akamtazama. "Basi utayasema hayo mbele yake, na mbele ya ndugu yake. Hao hushika kilichofichwa. Ukisema, mshiko unalegea. Halafu ulifute jina na vitu vyake vyote. Sikiliza vizuri: vyote. Usibakishe hata uzi."

Wakakutana ofisini Jumamosi mchana, jua kali, pamefungwa. Mume alimbeba mdogo wake mlangoni kwa sababu miguu yake ilikuwa mizito kama gunia lililolowa. Walipomketisha dirishani, skrini zote ziliwaka kwa pamoja, hata zile zilizochomolewa ukutani. Bi Mafusho akawasha makaa yake, moshi ukapanda, na harufu ya nguo mbichi ikaja kupigana nao.

"Sema," mganga akaamuru.

"Wifi," Mama Funguo akaanza. "Nililiona hilo jina linaingia lenyewe kabla hujaja. Mara tatu. Nikajua kuna kitu. Nikakupa wewe kwa sababu ulinikera. Kwa sababu ya mboga na pazia. Nilitaka ukutane nacho."

Mume alimtazama mkewe tu, na jicho lile lilikuwa baya kuliko kofi.

Kidoti akafungua kinywa na maji yakaanza kumtoka, mengi, na ndani ya maji kulikuwa na sauti inayonong'ona, kwanza moja, halafu nyingi, sauti za wateja wa miaka yote ile kumi na moja wanaolalamika wote pamoja, na katikati yao Mama Funguo akasikia sauti yake mwenyewe inayataja yale aliyowahi kuyasema kwa siri juu ya kila mmoja, na Bi Mafusho akampigia kelele afute, afute sasa, naye vidole vinateleza juu ya kibodi iliyolowa, anaandika jina na mashine inakataa, anaandika na inakataa, kwenye daftari la makundi neno *wakuu* linajiandika herufi moja moja mbele ya jina la Bi Mnong'ono, w, a, k, na kabla ya herufi ya nne akabonyeza.

Jina likafutika. Skrini zikazimika. Waya wa ukutani ukatema tone moja ukakauka.

Kidoti akavuta pumzi kama aliyetolewa kisimani. Kitu cha kwanza alichokisema kilikuwa, "Nilikuwa chini ya maji, wifi. Lakini nilikuwa nasikia. Nimesikia yote."

"Vitu vyake umefuta?" Bi Mafusho akauliza, anakusanya makaa.

Kwenye skrini mashine ilikuwa inasubiri jibu. Jina limefutwa, mafaili yake elfu tatu na mia mbili, je, yafutwe pia? Mama Funguo akaliona la juu kabisa. Halikuwa barua ya mteja. Liliitwa *bosi na yule wa simu*. La pili liliitwa *ukweli wa saini ya tatu*. Miaka kumi na moja ya mambo ya watu, yamepangwa kwa tarehe. Akaona lingine lina jina la mumewe.

Alimtazama mganga, aliyekuwa amempa mgongo. Akajibu hapana.

"Nimefuta," akasema.

Yale mafaili yakabaki, lakini bila jina la mwenyewe. Ndani kabisa mashine haijui majina. Humpa kila jina namba, na vitu huandikwa kwa namba. Penye jina la Bi Mnong'ono pakabaki kumi na saba tu, namba isiyo na mtu. Akapanga kuyasoma pole pole, mambo yakitulia.

Yakatulia. Fundi Mabomba akarudi amepungua kilo nane, anajisifu. Kidoti alihamia kwa rafiki yake, lakini kazini alibaki, na wifi yake akawa anamsalimia kwa kichwa tu. Mume alikuwa analala chumba cha mbele. Kisha bosi, aliyepata hofu kubwa kuliko alivyokubali, akatoa amri: kurithishana majina basi. Kila mtu afunguliwe akaunti yake mpya, kwa jina lake, na mtunza mashine naye awe na la kwake kama wengine, asitembee na funguo kuu mchana kutwa.

Wakapanga foleni Jumatatu. Mama Funguo hakukubali kuwa wa pili katika mashine aliyoitunza mwenyewe. Akajiweka wa kwanza. Akaandika jina lake, akachagua neno lake la siri, akabonyeza, huku anamweleza Fundi Mabomba kwamba wenye akili hutangulia. Na mashine kongwe, ambayo kila mara hutoa kwanza namba iliyoachwa wazi, ikampa iliyokuwa wazi, kumi na saba. Jambo hilo alilijua miaka mingi. Siku hiyo hakutazama.

"Haya, jaribu kuingia," Fundi Mabomba akasema.

Akaweka vidole. Hakuwa ameandika kitu. Nyota zikajipanga, taratibu, kama mtu anayepanda ngazi. Nane. *Karibu tena*, skrini ikaandika. *Una mafaili elfu tatu na mia mbili.*

Waya wa ukutani ukadondosha tone.

"Mama Funguo," Fundi Mabomba akamwita. "Vipi, imekubali?"

Hakugeuka. Akamwita tena. Watu wa foleni wakaanza kucheka, wakadhani ni maringo ya jina jipya.

Kidoti, aliyekuwa amesimama nyuma yao, hakucheka. Aliiona mikono ya wifi yake imetulia mapajani, na vidole vimeanza kukunjamana. Angeweza kusema. Anwani ya Bi Mafusho alikuwa nayo kwenye mkoba. Alimtazama kitambo kirefu, kisha akatoka kwenye foleni, akaenda kukivuta kiti chake mbali na sinki, akaketi.

"Mama Funguo," Fundi akaita mara ya tatu, akamgusa bega, na bega lilikuwa limelowa.

Akainua uso. Akasema chini kwa chini, mpaka ikabidi wote wainame kumsikia.